Asilimia kumi ya nini?

Kila bajeti ikikaribia nasikia watu wanaisifia ile asilimia kumi ambayo halmashauri inatenga kwa ajili ya mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba hata senti moja, na mimi naisifia pia kwa moyo kabisa maana ni hela ya umma inayomfuata mtu ambaye benki haina habari naye. Mama anauza vitumbua, kijana anaendesha bodaboda ya mkataba, fundi viatu anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, wote hawa dhamana hawana, hati ya nyumba hawana, sasa serikali inawaambia njooni mpate mtaji. Siyo kitu kidogo hicho. Ila kuna swali ambalo miaka yote hii sijalisikia likiulizwa kwa sauti, hata kwenye vikao vya madiwani ambavyo nimewahi kukaa kule nyuma kusikiliza, na swali lenyewe fupi tu: asilimia kumi ya nini?

Jibu lipo kwenye sheria. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa 2018, kinasema kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe, na kwenye hesabu yanatolewa kwanza mapato lindwa, yaani zile hela ambazo zimeshapangiwa kazi yake, alafu kinachobaki ndo unapiga kumi. Kwa hiyo mfuko wa kuwainua walioachwa nyuma unapimwa kwa makusanyo ya mahali hapohapo walipoachwa. Wenye mji mkubwa mfuko mkubwa, wenye kijiji kikavu mfuko mdogo. Hapo ndipo mimi nakwama kila mwaka.

Hebu tuangalie hayo mapato ya ndani yanatoka wapi. Kuna ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni, kuna leseni za biashara, vibali vya ujenzi, stendi, masoko, machinjio, na huko vijijini kuna ushuru wa mazao. Sasa kampuni kubwa ziko wapi, mitandao ya simu, mabenki, viwanda, depo za mafuta? Ziko Dar, zingine Mwanza, Arusha, Dodoma, na ukitoka hapo labda halmashauri iwe na bahati ya kukaliwa na mgodi kama Geita au Tarime, ndo inapata ushuru wa maana. Waliobaki wanategemea mahindi, korosho, pamba, ufuta, na mageti ya ushuru barabarani. Na ushuru wa mazao wenyewe mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, jambo ambalo mimi niliunga mkono kabisa kwa sababu mkulima alikuwa anakamuliwa, lakini ukweli ni kwamba kila shilingi inayopungua kwenye geti la mazao inapunguza pia mkopo wa mama wa kijiji kilekile.

Kuna jambo lingine hapohapo linaloniuma zaidi. Mvua isipokuja mazao yanapungua, ushuru unashuka, kumi inashuka, na mwaka huohuo ndo mama anahitaji mtaji kuliko mwaka mwingine wowote maana shamba halijampa kitu na watoto wanakula. Mwaka wa neema mfuko unajaa, mwaka wa njaa mfuko unakauka. Yaani mwavuli unaofunguka jua likiwaka na kujifunga mvua ikianza.

Nipige hesabu ya mfano, namba ni za kuelezea tu. Halmashauri ya kwanza inakusanya bilioni 60, kumi yake ni bilioni 6, kwa hiyo wanawake bilioni 2.4, vijana bilioni 2.4, watu wenye ulemavu bilioni 1.2. Halmashauri ya pili inakusanya bilioni moja na nusu, kumi yake ni milioni 150, wanawake milioni 60, vijana milioni 60, wenye ulemavu milioni 30. Iwe na kata 20, basi wanawake wa kata nzima, vijiji vinne au vitano, mwaka mzima, wanagawana milioni 3. Milioni 3! Hiyo ni cherehani chache, au pikipiki moja mpya. Na umbali huo wa mfano wangu siyo wa kubuni hewani, kuna halmashauri za Dar zinakusanya makumi ya mabilioni na kuna za pembezoni ambazo bilioni mbili tu ni kazi kuzifikia.

Mtu wa mjini ataniambia mbona na sisi tuna masikini, na yuko sahihi, kijana wa Mbagala anayelala njaa hashibi kwa sababu Kariakoo kuna maduka, na mjini watu ni wengi kwa hiyo bilioni 6 nazo zinagawanywa kwa vichwa vingi. Sisemi anyang'anywe. Nasema hata ukigawa kwa kichwa, pengo linabaki, kwa sababu watu wa mjini ni mara mbili au tatu ya watu wa wilaya ya pembezoni lakini makusanyo ni mara ishirini, mara thelathini.

Sasa kwa nini swali hili halijaulizwa? Nadhani ni kwa sababu mjadala wote umemezwa na wizi, na wizi ulikuwepo kweli. Huu utaratibu una historia ndefu, ulianza 1993/94 ukiwa mfuko wa wanawake na vijana, kwa miaka mingi ukawa ni maagizo tu, halmashauri inayotaka inatenga, isiyotaka inasema hela haijapatikana. 2018 ukaingia kwenye sheria, 2019 zikatoka kanuni, riba ikafutwa, watu wenye ulemavu wakaingizwa rasmi na asilimia zao mbili, na hapo hela nyingi ikaanza kutoka kwa kasi kuliko uwezo wa watu wa kuifuatilia. Ripoti ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya 2021/22 ikaja na bilioni 88.28 za mikopo ambazo hazijarejeshwa, kukawa na habari za vikundi hewa, vikundi vilivyokufa, wanachama ambao hawakuwahi kuonana. Aprili 2023 Waziri Mkuu akasimama bungeni akasema mikopo isimame kwanza. Ikasimama zaidi ya mwaka. Iliporudi 2024 ikarudi na takriban bilioni 228, ikarudi na mfumo wa kuomba kielektroniki, kamati zimepangwa upya, na halmashauri kumi za majaribio zikatakiwa kupitisha hela benki, kuanzia jiji la Dar es Salaam na Dodoma mpaka Kigoma Ujiji, Songea, Newala, Mbulu, Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli.

Mabadiliko haya nayakubali. Ila yote yanajibu swali moja, hela isiibiwe vipi. Hela ikishaacha kuibiwa bado kuna maswali mawili makubwa zaidi, inaenda kiasi gani wapi, na ikifika inamkuta mtu ana nini kingine mkononi.

Hilo la pili nililielewa vizuri nikiwa nawasaidia makaratasi kikundi kimoja cha kina mama wa kijijini. Walikuwa watano, mimi nikaombwa niwaandikie katiba, muhtasari wa kikao, andiko la mradi, zile nyaraka zote ambazo bila mtu aliyezoea kuandika hazitoki. Mradi ulikuwa sabuni ya maji. Walifundishwa siku moja na mwezeshaji aliyekuja na ndoo na chupa za kemikali, wakakoroga, wakaona povu, wakapiga makofi, jioni wakapewa vyeti. Mkopo ukatoka. Miezi miwili ya kwanza waliuza kwa majirani, kwa mama ntilie, kwa shule ya jirani kidogo, mwezi wa tatu wakagundua vikundi vingine vitatu kwenye tarafa hiyohiyo vilifundishwa na mwezeshaji huyohuyo sabuni hiyohiyo. Bei ikashuka mpaka ikakaribia gharama ya kemikali.

Mimi nikawaza tuwapelekee kituo cha afya, maana kituo cha afya kinahitaji sabuni kila siku ya Mungu. Tukaambiwa bidhaa haina nembo ya TBS, wale wa viwango, alafu kikundi hakijasajiliwa kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni. Nikauliza nembo inapatikanaje, nikaambiwa niende SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambayo iko makao makuu ya mkoa, nauli kwenda na kurudi ni faida ya wiki mbili. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima ambaye huwa ananiita mwanangu, akaniambia maneno ambayo sijayasahau, "Mwanangu, tulifundishwa kukoroga, hatukufundishwa kuuza." Na nje ya kituo kile nikaona gari linashusha madumu ya sabuni kutoka mjini. Halmashauri iliwakopesha kina mama watengeneze sabuni, alafu kituo cha halmashauri hiyohiyo kikanunua sabuni kwa mtu wa mbali. Hakuna aliyeiba hapo, kila mtu alifuata utaratibu wake, na utaratibu wote ukikusanywa pamoja unazalisha mama mwenye deni.

Ni hivi, nchi yetu ina vipande vyote vitatu na kila kipande kiko kwenye kabati lake na ufunguo wake. Mtaji uko TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ndo hiyo kumi. Ujuzi uko upande wa elimu na ajira, na una chanzo kizuri tu, ile tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea analipa kwenye mishahara, Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, na kwa muda mrefu mgawo wake ulikuwa theluthi moja VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, na theluthi mbili hazina. Soko liko kwenye sheria ya manunuzi ya umma, ambayo inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalum, wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu. Ukivisoma vitatu hivi kwa pamoja unaona ni sera kamili kabisa ya kumwinua mtu, mfundishe, mpe mtaji, nunua kwake. Ukienda wilayani unakuta afisa maendeleo ya jamii ana hela lakini hana mwalimu, chuo cha VETA kina mwalimu lakini mhitimu anaondoka bila hata bisibisi, na afisa manunuzi ana tenda lakini hajawahi kukaa meza moja na hao wawili.

Na siyo mimi tu nasema mkopo peke yake haufiki mbali. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo, za Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zote zimefanywa kwa utaratibu wa kulinganisha waliopata na wasiopata kwa bahati nasibu, na zote zikaja na jibu la kufanana: mkopo unampa mtu nafasi ya kupanga mambo yake, wengine wanapanua biashara kidogo, lakini haumtoi mtu kwenye umasikini kama tulivyokuwa tunahubiriwa. Hapahapa Dar ulifanyika utafiti kwa wateja wa taasisi moja ya mikopo midogo, wengine wakapewa mafunzo ya biashara, wengine ruzuku, wengine vyote viwili. Waliopata vyote viwili biashara zao zilipanda, ila wanaume tu, kwa wanawake matokeo yalikuwa madogo sana. Hilo lapaswa kuwanyima usingizi watu wa ile nne ya wanawake, kwa sababu maana yake mwanamke ana kizuizi kingine ambacho siyo hela wala darasa, ni muda, ni watoto, ni nani anashika faida ikifika nyumbani.

Alafu kuna Uganda kaskazini, mfano ninaoupenda na unaonitisha pia. Baada ya vita serikali yao ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana, wastani wa dola 382 kwa mtu, na sharti lilikuwa waandike mpango wa kujifunza ufundi na kununua vifaa, cherehani, vyuma vya kuchomelea, zana za useremala. Baada ya miaka minne kipato cha waliopata kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko wenzao wasiopata. Asilimia 38! Ujuzi na kifaa vilifika pamoja, ndo siri yenyewe. Walipofuatiliwa tena mwaka wa tisa wale wasiopata walikuwa wameshawafikia kwa kipato, ingawa waliopata bado walikuwa na mali zaidi na wengi zaidi wako kwenye kazi ya ufundi. Kwa hiyo hata kitu kilichofanyika vizuri kinawasukuma watu wa kwanza mbele alafu soko la eneo linajaa, mafundi cherehani wanakuwa wengi kuliko nguo za kushonwa. Eneo lenyewe lisipokua, barabara, umeme, wanunuzi wapya, mtu mmoja mmoja anafika mahali anagonga dari.

Ndo maana swali la eneo siyo la pembeni. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wana mifuko ya kazi hiihii, mmoja wa biashara na miundombinu ya mikoa ulioanza 1975, mwingine wa ujuzi na ajira ambao mizizi yake iko kwenye mkataba wa Roma wa 1957. Fomula yao inaanzia upande wa pili na yetu. Mkoa ambao pato la mtu mmoja liko chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja unaingia kundi la kwanza, unapata hela nyingi zaidi, na wenyewe unachangia kidogo kwenye gharama za mradi. Masikini zaidi, mgawo mkubwa zaidi. Basi. Kwetu ni kinyume, anayekusanya zaidi ndo mgawo mkubwa zaidi.

Siwasifii bila macho lakini. Kusini mwa Italia wamepokea hizo hela miongo na miongo na bado Calabria iko nyuma ya kaskazini mbali sana. Magharibi mwa Wales, huko Uingereza, na yale mabonde ya zamani ya makaa ya mawe, walikuwa kwenye kundi la juu la msaada tangu 2000, barabara zikajengwa, vyuo vikajengwa, mafunzo yakatolewa, na 2016 Wales ikapiga kura ya kutoka kwenye Umoja huohuo kwa asilimia 52.5. Watu waliona mabango ya miradi, hawakuona kazi. Uingereza ilipotoka ikaanzisha mfuko wake wa paundi bilioni 2.6 kwa miaka mitatu kuanzia 2022, nguzo zake jamii na mahali, biashara za eneo, watu na ujuzi, na malalamiko ya halmashauri nyingi yalikuwa muda, kwamba miaka mitatu huwezi kumfundisha mtu, kumpa kazi, na kuona kama amebaki kazini, alafu unaanza tena kuomba. Hapo nawaelewa kabisa. Kumi yetu ina uzuri huo mmoja ambao wao hawana, ni sheria ya kudumu, haiishi muda wake. Ila tunaitumia kama ya msimu, mwaka huu kikundi hiki, mwakani kile, hakuna anayemfuata mtu yuleyule miaka mitano.

Jirani zetu Kenya nao walijaribu njia ya tatu. Katiba yao ya 2010, ibara ya 204, iliweka Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa miaka ishirini, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme kwenye maeneo yaliyosahaulika, Turkana, Mandera, Wajir na mengine. Wazo zuri mno. Utekelezaji ukakwama miaka mingi kwenye mabishano ya nani ashike hela, Nairobi au kaunti, kesi zikaenda mahakamani, na mtu wa Turkana akaendelea kusubiri maji. Kwa hiyo tukitaka kuiga tuige ibara, tusiige foleni.

Na wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Tanzania hiihii mwaka 2004/05 ilianza kugawa ruzuku ya maendeleo kwa halmashauri kwa fomula ya wazi, asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa idadi ya masikini, 10 kwa ukubwa wa eneo. Sisi wenyewe tuliiandika, sisi wenyewe tuliitumia. Maana yake wataalamu wanajua kabisa kwamba kata iliyo kilomita themanini kutoka makao makuu siyo sawa na kata iliyo mtaa wa pili, na masikini kumi elfu siyo sawa na elfu moja. Kwa nini ujuzi huo uliishia kwenye madarasa na madaraja, ukaachwa nje ilipofika mikopo?

Niseme ninachotaka. Kumi ibaki kama ilivyo, halmashauri iliyokusanya ibaki na hela yake, maana ukianza kuzihamisha za Kinondoni ya Dar kupeleka Kakonko kule Kigoma kesho mkusanyaji wa Kinondoni hana hamu ya kukusanya, na wa Kakonko naye pia. Lakini hazina iongeze juu. Kila mwaka itenge fungu la kusawazisha, ligawanywe kwa watu, umasikini na umbali, liende kwenye halmashauri ambazo kumi yao kwa kichwa iko chini ya wastani wa nchi. Zipo halmashauri 184, takwimu za makusanyo TAMISEMI wanazo, sensa ya 2022 ipo mpaka ngazi ya kata, hesabu yenyewe ni ya jioni moja. Na mwaka wa ukame fungu lipande badala ya kushuka.

Alafu mkopo usitoke peke yake. Kikundi kikipitishwa kipewe barua tatu kwa wakati mmoja, ya hela, ya nafasi ya mafunzo kwenye chuo kilicho karibu kulipwa na tozo ya ujuzi, na ya kusajiliwa NeST pamoja na kusindikizwa kupata nembo. Siku moja ya kukoroga ndoo tusiiite mafunzo tena. Serikali inajenga vyuo vya VETA kwenye wilaya ambazo hazikuwa navyo, vizuri sana, basi mhitimu atoke na begi la vifaa kwa mkopo wa kumi badala ya kwenda kutafuta wenzake wanne wasiofahamiana ili tu kitimie kikundi. Vikundi hewa vingi nadhani vilizaliwa hapo, watu wanakutana kwenye fomu, wanagawana hela getini, kila mtu anashika njia yake.

Marejesho nayo yafuate biashara. Mama ntilie anaweza kulipa kila mwezi, anayelima alizeti hawezi, alizeti haivunwi kila mwezi. Ukimlazimisha anakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, alipe mkopo usio na riba, na nimeshaona hiyo kwa macho yangu, mkopo wa huruma umelipwa kwa mkopo wa kuumiza.

Na kuna hii mbili ya watu wenye ulemavu ambayo sitaki niipite haraka. Sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya watu wenye miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Mbili kwa watu hao wote, na hata hiyo mbili sehemu nyingi inabaki haijakopwa, watu wanasema hawajitokezi. Hawajitokezi vipi? Kiziwi aje kwenye kikao cha kata ambacho hakina mkalimani wa alama, asiyeona ajaze ombi kwenye mfumo ambao simu yake haimsomei, mwenye baiskeli apande ngazi za ofisi ya kata, nyingi zina ngazi. Kanuni zilirekebishwa wakaruhusiwa kukopa hata mtu mmoja bila kikundi, hatua nzuri ya kweli, lakini gharama ya kufika pale mlangoni bado ni yake mwenyewe. Fungu la kusawazisha ninaloliomba lingeanzia hapo, nauli, mkalimani, kifaa cha kusomea, kabla hata ya mtaji.

Wale kina mama wangu wa sabuni walimaliza deni. Walilipa kwa kuuza mahindi na mmoja aliuza mbuzi, kwenye taarifa ya kata wameandikwa kikundi kilichorejesha asilimia mia, na kwa mfumo wetu hayo ndo mafanikio, hakuna safu ya kuandika mbuzi. Mwaka huu wanaambiwa wanaweza kukopa tena, kiwango cha juu zaidi. Mwenyekiti amenipigia simu anauliza kama nitawaandikia andiko jipya, nimemwambia nitakuja, ila safari hii kabla ya kuandika nataka twende wote kwa afisa manunuzi tumuulize kile kituo cha afya mwaka ujao kitanunua nini na lini, na akitutajia ndo tuandike hicho.